Ripoti Ambayo Majaji Hawakuisoma

Tarehe 6 Oktoba 1948, ndege ya kivita aina ya B-29 ilipaa kutoka kituo cha jeshi cha Robins, jimboni Georgia, ikiwa na watu 13. Baadhi yao hawakuwa askari. Walikuwa wahandisi wa kiraia waliopandishwa ili wafanyie majaribio vifaa vya siri vya elektroniki. Injini moja ilishika moto angani, ndege ikamshinda rubani, ikakatika vipande na kuanguka karibu na mji mdogo wa Waycross. Wanne waliruka kwa miavuli wakapona, tisa walikufa. Wajane wa wahandisi watatu, Albert Palya, Robert Reynolds na William Brauner, waliishtaki serikali huko Philadelphia, wakitumia sheria ya mwaka 1946 iliyowaruhusu raia kuidai serikali kuu fidia kwa uzembe wa watumishi wake. Wakili wao, Charles Biddle, aliomba kitu ambacho wakili yeyote wa kesi ya ajali angekiomba: ripoti ya uchunguzi wa jeshi na maelezo ya manusura.

Jeshi la Anga lilikataa. Mwanzoni lilisema kwamba ripoti za namna hiyo ni za matumizi ya ndani, kwa kuwa askari hawatasema ukweli wakijua maneno yao yataishia mahakamani. Hoja hiyo ilipoyumba, likaongeza nyingine iliyokuwa nzito zaidi: karatasi hizo zina siri za kijeshi. Waziri wa Jeshi la Anga, Thomas Finletter, aliwasilisha dai rasmi, na mwanasheria mkuu wa jeshi hilo akaapa kwamba ripoti haiwezi kutolewa bila kudhuru usalama wa taifa. Jaji William Kirkpatrick hakuwapa wajane ripoti hiyo moja kwa moja. Alichoagiza ni kwamba iletwe kwake, aisome faragha, kisha aamue kipi ni siri na kipi si siri. Serikali iligoma hata kwa hilo. Kwa kuwa mdaiwa alikataa kutii amri ya mahakama, jaji akalihesabu suala la uzembe kuwa limethibitika, akawapa wajane jumla ya dola 225,000. Mwaka 1951 mahakama ya rufaa ilimuunga mkono. Jaji Albert Maris, aliyeandika hukumu hiyo, alionya kwamba serikali ikikubaliwa kuficha karatasi kwa neno lake tu, imebaki hatua ndogo kufikia kuficha chochote kitakachowaaibisha maofisa wake.

Tarehe 9 Machi 1953, Mahakama ya Juu ya Marekani iliitengua hukumu hiyo kwa kura 6 dhidi ya 3. Jaji Mkuu Fred Vinson aliweka kanuni inayotumika hadi leo: mkuu wa wizara au idara husika adai rasmi, yeye mwenyewe, baada ya kulitafakari jambo, mahakama ijiridhishe kwamba kuna hatari ya kweli ya kufichua mambo ya kijeshi, na ikisharidhika, isilazimishe karatasi zionyeshwe, hata kwa jaji peke yake ofisini mwake. Vinson aliandika pia kwamba usimamizi wa ushahidi hauwezi kuachwa mikononi mwa maofisa wa serikali. Maneno hayo ni mazuri, na wanaoitetea hukumu hupenda kuyataja. Lakini katika shauri lenyewe, mahakama iliridhika bila kuiona ripoti, ikakubali kiapo cha upande mmoja na kusema kwamba wajane wangeweza kuwahoji manusura ambao serikali ilijitolea kuwaleta. Wajane walikubali kumaliza shauri kwa takriban dola 170,000, na ripoti ikarudi kabatini.

Hapo ndipo ulipo mgogoro wote uliofuata. Hakuna mtu makini anayepinga kwamba nchi inaweza kuwa na siri. Swali ni nani anayepima dai la siri, na kwa kutazama nini. Kanuni inayomruhusu jaji kuamua bila kusoma haina njia ya kutenganisha siri na aibu, kwa sababu kwa nje vyote viwili huonekana vilevile: bahasha iliyofungwa na ofisa anayeapa. Historia ya shauri hili na ya yaliyozaliwa nalo inaonyesha kwamba hofu ya Jaji Maris ilikuwa makadirio sahihi kabisa ya kilichokuja kutokea.

Uthibitisho ulichelewa karibu nusu karne. Katika miaka ya 1990 ripoti za ajali za zamani za Jeshi la Anga ziliondolewa kwenye orodha ya siri. Mwaka 2000 binti wa Palya, aliyekuwa na umri wa wiki chache tu ajali ilipotokea, alikuwa akitafuta habari za baba yake kwenye intaneti, akakuta mtu anayeuza nakala za ripoti hizo. Akainunua ya Waycross. Ndani yake hakukuta maelezo ya namna vifaa vile vya siri vinavyofanya kazi. Alikuta kwamba ndege haikuwa imefungwa vikinga joto kwenye mabomba ya moshi ya injini, ingawa maagizo ya kiufundi yalitaka vifungwe, na kwamba raia waliopanda hawakuelekezwa ipasavyo la kufanya hatari ikitokea. Kwa maneno mengine, karatasi ile ilikuwa na kile hasa ambacho wajane walitakiwa kukithibitisha.

Familia zilirudi mahakamani mwaka 2003 kudai kwamba mahakama ilidanganywa. Mahakama ya Juu ilikataa kulifungua upya shauri. Mahakama ya chini ikawakatalia, na mwaka 2005 mahakama ya rufaa ikasema vivyo hivyo. Sababu yake inastahili kusikilizwa, kwa kuwa ndiyo pingamizi lenye nguvu kuliko yote. Majaji walisema kiapo cha jeshi kinaweza kusomwa kwa maana pana: kwamba siri haikuwa vile vifaa pekee, ilikuwa pia habari za B-29 yenyewe na udhaifu wake, na kwamba mwaka 1950 jambo dogo machoni pa raia lingeweza kumsaidia adui. Wakati ule vita vya Korea vilikuwa vimeanza, Wasovieti walikwisha kulipua bomu lao la kwanza la nyuklia, na kesi za ujasusi zilikuwa zimeitikisa nchi. Ofisa mwenye busara, wasema watetezi, huogopa pia vipande vidogovidogo ambavyo adui anaweza kuviunganisha mpaka akapata picha nzima.

Tuseme yote hayo ni kweli. Bado hayajibu agizo la Kirkpatrick, kwa sababu yeye hakutaka ripoti itangazwe magazetini. Alitaka kuisoma yeye. Kama kulikuwa na ukurasa mmoja wenye siri, angeuondoa na kuwapa wajane ukurasa wa vikinga joto. Hofu ya adui kuunganisha vipande inaweza kuwa sababu ya kuwa mwangalifu katika kuamua kipi kitolewe. Haielezi kwa nini jaji wa serikali hiyohiyo, aliyeteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti, ahesabiwe miongoni mwa maadui wasiotakiwa kuona. Inafaa kukumbuka pia kwamba Vinson alijiegemeza kwenye hukumu ya Uingereza ya mwaka 1942, iliyohusu manowari Thetis iliyozama mwaka 1939 na kuua watu 99. Huko mabwana wa sheria walisema kauli ya waziri inatosha. Mwaka 1968 Waingereza wenyewe waliubomoa msimamo huo, wakasema mahakama ina mamlaka ya kuitazama karatasi na kupima. Marekani ilibaki na kivuli cha hukumu ambayo wenyewe walishaikana.

Wapo wanaosema majaji hawana utaalamu wa mambo ya kijeshi, na kwamba jaji akikosea, atakayekufa ni askari au mpelelezi aliye mbali. Pingamizi hili lingekuwa na uzito kama majaji wa Marekani wasingekuwa wakishika siri kila mwaka. Mwaka 1978 Bunge la Congress liliunda mahakama maalumu ya kupitia maombi ya udukuzi wa kijasusi. Mwaka 1980 lilipitisha sheria ya utaratibu wa siri katika kesi za jinai: jaji husoma nyaraka za siri, huamua zipi mshtakiwa anazihitaji, na serikali inaweza kuruhusiwa kutoa muhtasari badala ya waraka wenyewe. Utaratibu huo ulitumika katika kesi inayotugusa sisi wa Afrika Mashariki kuliko zote, ya mabomu yaliyolipuliwa kwenye balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998. Mjini New York, Jaji Leonard Sand aliamuru mawakili wa utetezi wachunguzwe na kupewa kibali cha usalama ndipo waone ushahidi wa siri. Kesi ikasikilizwa hadharani, na mwaka 2001 washtakiwa wanne wakatiwa hatiani na kufungwa maisha. Siri za kijasusi kuhusu mtandao wa Osama bin Laden ziliweza kupitia mikononi mwa jaji na mawakili. Ripoti ya bomba la moshi la mwaka 1948 haikuweza.

Tofauti iko kwenye nani anataka shauri liendelee. Katika jinai serikali ndiyo inayoshtaki; ikificha kupita kiasi, kesi yake huvunjika, kwa hiyo ina sababu ya kutafuta njia ya kati. Katika madai serikali ndiyo inayoshtakiwa, na kuficha kunaweza kuwa ushindi wake. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 tofauti hiyo ilijitokeza wazi. Khaled El-Masri, raia wa Ujerumani aliyekamatwa Macedonia siku ya mwisho ya mwaka 2003 na kupelekwa Afghanistan kwa kudhaniwa ni mtu mwingine, alimshtaki mkuu wa zamani wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa ilithibitisha kwamba shauri haliwezi hata kuanza kusikilizwa, kwa kuwa kiini chake ni siri. Miaka mitano baadaye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ililisikiliza shauri lake dhidi ya Macedonia, ikapima ushahidi, ikampa ushindi na fidia ya yuro 60,000. Jambo lililosemwa haliwezekani kusikilizwa lilisikilizwa Strasbourg, kwenye makao ya mahakama hiyo. Na isidhaniwe kwamba hili ni la chama kimoja. Februari 2009 serikali mpya ya Barack Obama ilisimama mahakamani na kurudia hoja ileile ya George W. Bush katika shauri dhidi ya kampuni ya Jeppesen, iliyodaiwa kupanga safari za ndege za CIA. Ilishinda mwaka 2010 kwa kura 6 dhidi ya 5.

Watetezi hujibu kwamba serikali imejirekebisha. Septemba 2009 Mwanasheria Mkuu Eric Holder alitoa mwongozo wa ndani unaokataza dai la siri kutumiwa kuficha makosa au aibu. Mwongozo huo ulikuwa na manufaa yake, lakini anayeutekeleza ni yule anayedaiwa, na unaweza kubadilishwa kwa waraka mwingine. Mswada wa kuwalazimisha majaji wasome ushahidi uliletwa Seneti mwaka 2008 na Edward Kennedy, Arlen Specter na Patrick Leahy, watu wa vyama vyote viwili. Haukuwa sheria.

Kilicholeta mabadiliko kidogo kilitoka kwingine. Desemba 2014 kamati ya Seneti ilitoa muhtasari wa uchunguzi wake kuhusu magereza ya siri ya CIA. Mwaka uliofuata Mtanzania Suleiman Abdullah Salim, aliyekamatwa Mogadishu mwaka 2003 na kushikiliwa Afghanistan mpaka 2008 bila kushtakiwa kwa kosa lolote, alifungua shauri katika jimbo la Washington pamoja na raia mmoja wa Libya na familia ya Mwafghanistan aliyefia kizuizini. Waliwashtaki wanasaikolojia James Mitchell na Bruce Jessen, waliobuni mbinu za mahojiano katika magereza hayo, na ambao kampuni yao, kwa mujibu wa Seneti, ililipwa dola milioni 81. Safari hii serikali haikuomba shauri litupwe. Ilidai siri kwa nyaraka na maswali mahususi tu, na jaji akaendelea na yaliyobaki. Mitchell na Jessen walihojiwa kwa kiapo mbele ya kamera. Agosti 2017, wiki chache kabla ya kusikilizwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama, pande zote zilimaliza shauri kwa makubaliano ambayo masharti yake hayakutangazwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa shauri la mateso ya CIA kufika umbali huo, na hakuna aliyejitokeza kuonyesha siri gani ya taifa ilipotea.

Kisha Abu Zubaydah, mfungwa wa gereza la kijeshi la Marekani la Guantánamo, akaomba watu haohao wawili wahojiwe ili ushahidi wao uwafikie waendesha mashtaka wa Poland. Mahakama ya Ulaya ilikwisha kuamua mwaka 2014 kwamba aliteswa katika gereza la siri nchini humo, na Mitchell na Jessen walikwisha kutoa ushahidi Guantánamo mwaka 2020. Hata hivyo, Machi 2022 Mahakama ya Juu ilisema kauli yao kuhusu mahali hapo ingekuwa sawa na serikali ya Marekani kukiri, na kukiri huko kungevunja imani ya majasusi wa nchi rafiki. Sababu hiyo si ya kupuuzwa. Urafiki wa kijasusi huishi kwa ahadi ya kunyamaza. Lakini Jaji Neil Gorsuch, mhafidhina aliyeteuliwa na Donald Trump, alipinga akiungwa mkono na Sonia Sotomayor wa mrengo wa kushoto. Alitaka jaji wa chini aruhusu mashahidi wahojiwe bila kutaja mahali, kisha achuje mwenyewe kilicho siri na kisicho siri, kazi ileile ambayo Kirkpatrick aliomba kuifanya. Wawili hao walikuwa wachache, na shauri likaamriwa lifutwe.