Jua la Misri: Utajiri Uliongoja Miaka Mia Moja

Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za nchi ya Misri ni jangwa. Karibu watu wote wanaishi kandokando ya Mto Nile, ambao sehemu ya maji yake inatoka hata kwetu, kupitia mto Semliki. Nje ya bonde hilo mvua ni haba sana, lakini jua linawaka muda wa saa 9 hadi 11 kwa siku. Je, jua hilo linaweza kuwapa watu nguvu za kufanya kazi?

Swali hili si jipya. Mwaka 1913, mhandisi Mmarekani Frank Shuman alionyesha mtambo wa jua huko Maadi, karibu na Kairo. Vioo virefu vilivyopindwa vilikusanya mwanga juu ya mabomba ya maji. Maji yakawa mvuke, na mvuke ukaendesha pampu ya kupandisha maji ya Nile mashambani. Mtambo ulifanya kazi vizuri. Mwaka uliofuata vita kuu vya kwanza vikaanza na kazi ikasimama. Shuman akafariki mwaka 1918, na petroli ya bei rahisi ikawasahaulisha watu jambo hilo.

Mwaka 2014 serikali ya Misri ilitangaza bei maalum ya kununua umeme wa jua, kwa mikataba ya miaka 25. Hapo makampuni yakapata uhakika wa kukopa na kujenga. Kufikia mwisho wa 2019, jangwa la Benban, katika jimbo la Aswan, lilikuwa na paneli kwenye eneo la kilometa za mraba 37, zenye uwezo wa karibu megawati 1,500. Nguvu hizo si mbali na zile za bwawa kubwa la Aswan, megawati 2,100.

Hata hivyo, jangwa lina ugumu wake. Paneli inahitaji mwanga, si joto: ikipata moto sana, umeme wake unapungua. Vumbi linaifunika, na hakuna mvua ya kuiosha. Usiku haitoi kitu. Ndiyo maana Misri bado inategemea sana gesi, na wakati wa joto kali la 2023 na 2024 wananchi walikatiwa umeme kwa zamu, kwa sababu gesi haikutosha.

Sisi pia tunajua paneli juu ya paa la kanisa au la kituo cha afya. Masharti ni yale yale ya Benban: tuache nafasi ya hewa chini yake, tuifute vumbi, na kabla ya kuinunua tutenge pesa za betri na za fundi atakayeitunza. Jua la Maadi halikupungua hata siku moja. Kilichokosekana ni watu wa kuendeleza kazi iliyoanzishwa.