Kumvika Mteja Mpakani: Busia na Tororo

Kumshauri mtu wa kawaida avae nini, nguo imkae vipi na iendane na shughuli gani ni kazi kongwe Busia na Tororo, ingawa haijawa na ofisi wala kibao mlangoni. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 ilifanywa na fundi cherehani kibarazani, kisha ikaangukia mikononi mwa muuza mitumba. Malipo yake yalizoeleka kufichwa ndani ya bei ya nguo au ya kushona, na huenda ndiyo sababu wanahistoria wa biashara hawajaitazama sana.

Mpaka wenyewe, kati ya Kenya na Uganda, ni mchanga. Hadi 1902 nchi yote kuanzia hapo hadi Naivasha ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mwaka huo ikahamishiwa upande ambao leo ni Kenya, na Wasamia na Wateso wakajikuta wana jamaa pande zote mbili. Vitambaa vilikwisha fika kabla ya mstari huo. Kitambaa cha merikani kililetwa na misafara ya kutoka pwani, na mawakala wa Kiganda waliomfuata jemadari Semei Kakungulu katika nchi ya Bukedi mwishoni mwa karne ya 19 walikuja na kanzu zao. Nguo ya kushonwa ikaanza kuwa alama ya chifu, karani na mwalimu wa dini.

Pamba ndiyo iliyoifikisha nguo hiyo kwa mkulima. Zao hilo lilipoenea mashariki mwa Uganda, na reli ya kutoka Nakuru kupitia Tororo ilipofika Kampala mwaka 1931, Tororo ikawa njia panda ya treni, kwa kuwa tawi jingine lilielekea Mbale na Soroti. Maduka ya Wahindi yalipanga majora ya vitambaa ndani, na nje barazani fundi akaketi na cherehani yake. Mteja mwenye fedha za pamba alinunua kitambaa ndani, akatoka nje kupimwa. Fundi ndiye aliyemwambia yadi alizokata zinatosha au hazitoshi, na kama ua kubwa litampendeza au litamzidishia unene.

Mtihani mkubwa wa fundi ulikuwa gomesi. Kwa masimulizi yaliyozoeleka, vazi hilo lilibuniwa mnamo 1905 na fundi Mgoa, Caetano Gomes, kwa ajili ya shule ya wasichana ya Gayaza, kisha likaenea hadi mashariki. Linakula mita 6 hivi za kitambaa; lina shingo ya mraba, vifungo viwili upande wa kushoto, mabega yaliyochongoka na mshipi mpana unaofungwa nyongani. Kitambaa laini hudai kikoi ndani ili kisigande mwilini. Mabega yakikosewa, vazi zima limekwenda. Mjini Busia ushauri huu una uzito wa pekee, kwa kuwa watu huoana kuvuka mpaka: jamaa wa upande wa Kenya wanaoalikwa kwenye utambulisho wa bi harusi upande wa Uganda hulazimika kujua ni nani avae gomesi, nani kanzu na koti, na mshipi ufungweje.

Mpango huo wa duka la Mhindi na fundi wa barazani ulivurugika mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia. Maduka yaligawiwa watu wengine na bidhaa zikaadimika. Magendo yakashika nafasi: kahawa ilitoka Uganda, sabuni na nguo zikaingia kutoka Kenya, baiskeli za boda boda zikiwa miongoni mwa vyombo vya usafiri. Anayeagiza nguo ya namna hiyo hana nafasi ya kuijaribu, hivyo thamani ilikuwa kwa mchuuzi aliyeweza kukadiria mwili wa mteja kwa macho.

Ujuzi huohuo ulifaa mitumba ilipomiminika katika miaka ya 1990, baada ya masharti ya uagizaji kulegezwa. Belo la kawaida lina kilo 45 hivi, na mnunuzi hajui kilichomo mpaka likatwe. Upande wa Kenya, nguo safi zinazotolewa kwanza huitwa kamera. Za mwisho, zinazouzwa kwa bei ya kutupa, ni fagia. Muuzaji hodari hasubiri kamera ichaguliwe na wapita njia. Ana wateja wake wa kudumu, walimu, makarani, mawakala wa forodha, na anajua nani ana harusi mwezi ujao. Huangalia mshono wa bega kwanza, kwani bega ni gumu kurekebisha. Kiuno na pindo ni kazi ndogo kwa fundi wa jirani. Huyo fundi, aliyewahi kushona nguo nzima, sasa hupunguza na kupinda. Ni hasara kwa ufundi, lakini si kwa mteja: mwalimu wa mshahara mdogo hupata koti linalomkaa sawasawa.

Wanasiasa hawajaipenda biashara hiyo. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa kufikia 2019, Marekani ikatishia kupunguza nafuu za kibiashara, na Kenya ikajitoa mapema. Kenya ilisimamisha uagizaji kwa miezi kadhaa mwaka 2020 kwa hofu ya korona. Mwaka 2023, akiwa Mbale, Rais Museveni wa Uganda alitangaza kupiga marufuku nguo za mitumba. Mabelo yameendelea kufunguliwa.

Kilichobadilisha kazi zaidi ni simu. Picha ya kamera huwekwa WhatsApp belo linapokatwa, mteja hutaja saizi, hulipa kwa M-Pesa au fedha za simu za Uganda, na mzigo hupelekwa kwa boda boda. Nairobi na Kampala wako wanaotoza ada ya ushauri peke yake, bila kuuza nguo. Busia na Tororo mshauri kwa kawaida bado ndiye muuzaji, na mteja mwenye busara hukumbuka hilo anapoambiwa kwamba vazi limempendeza.