Nani Anaweza Kuupinga Mstari? Ramani za Mafuriko na Haki ya Mkazi wa Bombambili

Katika mijadala yetu ya mipango miji kumezoeleka hoja kwamba ramani ya mafuriko ni kazi ya wataalamu, hivyo mkazi anayeipinga anatetea nyumba yake tu. Hoja hii husikika ofisini na, jambo linalosikitisha zaidi, hata miongoni mwa wanataaluma. Makala hii inaikataa. Nadai kwamba mkazi wa kata kama Bombambili, Manispaa ya Songea, ana sababu za kitaalamu za kuhoji mstari unaopita uani kwake. Kinachomkwamisha ni kwamba ramani yenyewe haijapewa hadhi ya uamuzi unaoweza kukatiwa rufaa.

Hakuna ubishi kwamba mabondeni ni hatari. Mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam yaliua takriban watu 40, na hakuna mwandishi makini anayetaka hilo lijirudie. Ubishi unaanza pale tunapouliza bonde linaishia wapi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inafuata umbali huo huo. Mstari wa namna hiyo una faida moja: unapimika kwa futi kamba. Lakini maji hayasomi sheria. Songea iko chini ya milima ya Matogoro, chanzo cha Mto Ruvuma na Mto Luhira, na mvua zake huja kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kwenye korongo lenye kingo ndefu mita 60 zinaweza kuwa nyingi kupita kiasi. Kwenye tambarare iliyo nyuma ya kalavati lililoziba zinaweza zisitoshe kabisa. Kwa hiyo umbali wa kisheria na ukomo wa mafuriko ni vitu viwili, na kuvichanganya ndilo kosa la kwanza ambalo mkazi ana haki ya kulionyesha.

La pili limejificha kwenye takwimu za vimo. Pale ambapo hakuna upimaji wa kina wa ardhi, ramani za mafuriko mara nyingi huanzia kwenye vipimo vya satelaiti au vile vilivyochukuliwa na chombo cha angani Endeavour Februari 2000. Vipimo hivyo vya Endeavour hutolewa kwa miraba ya mita 30 kwa 30. Mraba mmoja ni mita za mraba 900, yaani zaidi ya eneo la viwanja viwili vya mita 20 kwa 20, na wote unapewa kimo kimoja. Waliovitayarisha walilenga hitilafu ya wima isiyozidi mita 16. Sehemu nyingi hitilafu halisi ni ndogo kuliko hapo, lakini bado hufikia mita kadhaa, na vilele vya miti na mapaa huweza kuhesabiwa kama ardhi. Maji yanayomtoa mtu kitandani Bombambili hayahitaji kufika mita moja. Mkazi anayesema "maji ya mwaka ule yaliishia kwenye kizingiti hiki" anatoa kipimo cha sentimita. Akija mpima ardhi na kukiunganisha kizingiti hicho na alama rasmi ya kimo, ushahidi huo unaizidi ramani kwa usahihi. Sioni namna ya kuukataa kitaalamu.

Hata hivyo ushahidi mzito kuliko wote uko bonde la Mto Msimbazi, jijini Dar es Salaam. Desemba 2015 nyumba zilizopigwa alama ya X zilianza kubomolewa. Mamia ya wakazi walikimbilia Mahakama Kuu, Kitengo cha Ardhi, na Januari 2016 wakapata zuio la muda. Angalia walichopata: walipata muda, hawakupata nafasi ya kujadili mstari. Mahakama haikuulizwa kama maji yanafika nyumba fulani. Iliulizwa kama ubomoaji usimame. Kisha Septemba 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa kuendeleza bonde hilo hilo. Sasa walikuja wathamini, nyumba zikaorodheshwa, malalamiko yakapokelewa, na wengi wakalalamika kweli kuhusu viwango vya fidia. Mto ni ule ule na mafuriko ni yale yale. Kilichobadilika ni masharti ya mkopeshaji. Ikiwa utaratibu wa kumsikiliza mkazi uliwezekana 2022, hapakuwa na sababu ya kitaalamu ya kuukosa 2015. Na wanaotuambia mstari huchorwa na sayansi peke yake waeleze ilikuwaje karakana ya mabasi yaendayo haraka ikajengwa Jangwani, ndani ya bonde, ikafurika mara kwa mara.

Wapo watakaojibu kwamba tatizo lilishatatuliwa na uchoraji shirikishi. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa Dar es Salaam kuchora mitaa, mifereji na maeneo yanayofurika. Ni kazi ninayoiheshimu sana. Lakini maandiko yanayoisifu yanachukulia kuchangia data kuwa sawa na kuwa na haki ya kuipinga, na hapo sikubaliani nayo hata kidogo. Aliyeonyesha maji yalifika wapi hana kifungu cha kumrudisha mezani ramani inapotumika dhidi yake. Tusisahau pia kwamba marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya 2018 yaliweka adhabu kwa aliyesambaza takwimu zinazokinzana na za serikali, hadi yalipolegezwa 2019. Mkazi aliyekumbuka hilo alikuwa na sababu ya kunyamaza.

Basi mtu wa Bombambili afanye nini manispaa inapopendekeza mstari mpya? Jambo la kwanza ni kuwahi. Mapitio ya mahakama dhidi ya uamuzi wa mamlaka ya umma huombwa ndani ya miezi 6, na kuishtaki halmashauri kwa njia ya kawaida kunahitaji notisi ya siku 90 na, tangu mabadiliko ya 2020, kumwunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali mbele ya Mahakama Kuu. Mahakama Kuu ina kanda yake Songea, lakini gharama hiyo haibebwi na kaya moja. Kwa hiyo uwanja halisi wa kupinga ni kabla ya uamuzi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 kujibu. Ombi la mkazi liulize chanzo cha vimo, mwaka wa vipimo, kiwango cha mvua kilichotumika, na kama mifereji mipya imehesabiwa. Swali hili la mwisho lina uzito hapa, kwa kuwa Songea ni miongoni mwa miji 45 ya mradi wa TACTIC, unaojenga barabara pamoja na mifereji ya mvua. Ramani iliyotangulia mfereji inaeleza mtaa ambao haupo tena. Majibu yapelekwe kwenye mkutano wa mtaa, na pingamizi liingizwe kwenye muhtasari pamoja na picha na vipimo, ili diwani awe na karatasi mkononi. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka wadau wasikilizwe mpango unapoandaliwa, na Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 7, inataka tangazo na kupokea maoni kabla Waziri hajatamka eneo kuwa ardhi hatarishi. Udhaifu ni kwamba mstari wa mafuriko unaweza kutumika bila kupita mlango wowote kati ya hiyo.

Pingamizi moja nalichukulia kwa uzito: rufaa huwafaa wenye fedha. Marekani hutoa siku 90 za kukata rufaa dhidi ya ramani mpya, kwa sharti la ushahidi wa kisayansi, na jiji la New York liliitumia nafasi hiyo 2015 likakubaliwa 2016. Lilikuwa na wahandisi wake. Mama mwenye nyumba ya tofali za kuchoma Bombambili hana hata mmoja, na mstari ukisogezwa mbali na mwenye uwezo unaweza kumwangukia yeye. Jibu langu ni kwamba mpima ardhi wa manispaa apime vizingiti vya mtaa mzima bila malipo pindi wakazi wanapowasilisha pingamizi la pamoja, na ramani isitumike kupiga X wala kunyima kibali hadi vipimo hivyo vibandikwe ofisi ya mtendaji wa mtaa. Baraza la madiwani la Songea linaweza kuyaandika haya kama sheria ndogo na kuipeleka kwa Waziri wa TAMISEMI aidhinishe. Bunge halihitajiki.