Sayari katika Daftari la Ubatizo

Mtu afunguaye daftari la ubatizo la kanisa la kale katika nchi ya Wajerumani, lililoandikwa katika karne ya 17 au ya 18, huku akitafuta jina la babu wa babu yake, huenda akakutana na alama asizozitarajia katika nyumba ya Mungu: duara lenye nukta katikati, hilali, mshale uchomozao katika duara, naye, akikosa wa kumwelekeza, hudhani kasisi yule alikuwa mtu wa uganga.

Msomaji wa pwani aliyewahi kuketi karibu na mzee mwenye kitabu cha falaki atazitambua upesi, kwani ni zile zile sayari saba na siku zao: Jua la Jumapili, Mwezi wa Jumatatu, Mirihi ya Jumanne, Utaridi ya Jumatano, Mushtari ya Alhamisi, Zuhura ya Ijumaa na Zohali ya Jumamosi. Kasisi hakupiga ramli; alikuwa na watoto wengi wa kuandika na nafasi haba ya kuwaandikia, na alama moja ilimtosha badala ya neno zima.

Zinazopoteza watu zaidi ni tarakimu. Aliyeandika 7bris hakukusudia Julai bali Septemba, maana jina hilo kwa Kilatini limebeba saba ndani yake, tangu zama Warumi walipouanza mwaka kwa Machi. Na kwa kanuni hiyo 8bris ni Oktoba, 9bris Novemba, na Xbris Desemba. Tusiwacheke, sisi ambao juma letu lina siku ya tano mara mbili, Jumatano kwa hesabu yetu na Alhamisi kwa hesabu ya Waarabu, wala hatutaharuki.

Zipo parokia ambamo mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa aliandikwa juu chini, hata msomaji alazimike kukigeuza kitabu ili amsome. Ukatili huo mimi siuonei udhuru.

Ama ule msalaba mdogo kando ya jina la mtoto aliyebatizwa, aghalabu si baraka wala pambo: mtoto alifariki, na kasisi akaurudia ukurasa ule ule, pengine baada ya siku tatu, pengine baada ya miaka, akautia kwa wino usiofanana na wa kwanza.