Silaha Ni Amana: Matunzo Matatu ya Mzinga Mmoja

Jioni moja ya msimu wa karafuu nilikaa barazani huko Ole, kando ya barabara itokayo Chake Chake kwenda Konde, pamoja na mzee mmoja aliyepigana vita vya Kagera. Mbele yetu karafuu zilikuwa zimeanikwa juu ya majamvi. Nilikuwa nikikusanya simulizi za vita ile ya 1978 na 1979, nami nilitarajia anisimulie mapambano. Badala yake alinizungumzia vitambaa, mafuta na brashi. “Mwanangu,” aliniambia, “watu hudhani kazi ya askari ni kufyatua. Kufyatua ni kazi ya dakika. Kusafisha ndiyo kazi ya miaka.” Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza: “Na silaha si yako hata siku moja. Umepewa amana, na ipo siku utaulizwa.”

Maneno hayo yamenifanya niisome upya historia ya silaha katika nchi yetu. Kwa kawaida tunaiandika kwa ushindi na kwa majina ya majemadari. Leo nataka tuitazame kwa upande wa utunzaji, na nitaanza na silaha moja ambayo haivumilii uzembe: mzinga wa kurusha guruneti mfululizo.

Wazo la mzinga huu ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Katika miaka ya 1930 mhandisi wa Kisovieti, Yakov Taubin, alibuni silaha ya kurusha guruneti moja baada ya nyingine bila mpiga silaha kupakia upya kila mara. Wakubwa wa jeshi waligawanyika juu yake. Wengine waliona kombora la kawaida la mota latosha. Mwezi Mei 1941 Taubin alikamatwa, na tarehe 28 Oktoba mwaka huohuo akapigwa risasi na dola aliyokuwa akiitumikia. Wazo lake lilingoja miaka thelathini. Wamarekani walitengeneza mzinga wao wa Mk 19, wa milimita 40, katika miaka ya 1960, na Jeshi lao la Majini likaufunga kwenye boti za doria katika mito ya Vietnam. Wasovieti waliupokea rasmi AGS-17, wa milimita 30, mwaka 1971, na dunia ikaufahamu zaidi katika vita vya Afghanistan.

AGS-17 pamoja na miguu yake mitatu una uzito wa kilo 31 hivi, na guruneti zake hufika umbali wa mita 1,700. Hiyo maana yake ni kwamba mtu mmoja hawezi kuuendesha peke yake. Unahitaji kikundi: anayelenga, anayebeba na kulisha mkanda, na kiongozi anayeona mbali na kutoa amri. Vumbi likiingia katika mitambo yake, au mkanda ukipata unyevu na kutu, mzinga hukwama wakati unapohitajika. Na mpigaji wake mara nyingi hamwoni usoni anayempiga. Kwa hiyo una matunzo matatu: matunzo ya chuma na watu wake, matunzo ya risasi zake, na matunzo ya amri. Kila moja kati ya hayo matatu limeandikwa katika historia yetu, kwa damu.

Matunzo ya kwanza ni ya chuma na watu wake. Mwezi Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2098, liliunda Brigedi ya Kuingilia Kati mashariki mwa Kongo, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Mwishoni mwa mwaka ule waasi wa M23 walikuwa wameshindwa, nasi tukajivuna, na tulikuwa na haki ya kujivuna. Lakini jioni ya tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Watanzania ya Semuliki, katika eneo la Beni, ilishambuliwa kwa silaha nzito. Wenzetu 15 walipoteza maisha na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Baadhi ya majeneza yaliletwa Zanzibar, na ndiyo maana msiba ule haukuwa habari ya mbali kwetu visiwani.

Umoja wa Mataifa ulifanya uchunguzi maalumu ulioongozwa na Dmitry Titov. Muhtasari wake, uliotolewa mwaka 2018, ulilitaja kundi la ADF kuwa ndilo linaloshukiwa, lakini haukuishia hapo. Ulitaja kasoro katika mafunzo, katika mfumo wa amri na uongozi, na ukosefu wa nyenzo muhimu kama usafiri wa anga. Tusome kwa makini: ripoti haikusema askari wetu walikosa ushujaa. Ilisema kwamba ushujaa pekee hautoshi. Silaha, hata ikiwa nzuri namna gani, ni kiungo kimoja tu cha mnyororo ambao ndani yake mna mafunzo, taarifa, mawasiliano na helikopta ya kuwahi majeruhi.

Matunzo ya pili ni ya risasi. Baruti ni kemikali, na kemikali huzeeka. Joto na unyevu wa pwani huharakisha kuzeeka huko, na risasi iliyozeeka haitofautishi adui na mtoto wa shule. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la kambi ya jeshi Mbagala, Dar es Salaam, lililipuka. Zaidi ya watu 20 walifariki na nyumba nyingi zikaharibika. Tarehe 16 Februari 2011, kabla ya miaka miwili kutimia, maghala ya kambi ya Gongo la Mboto yalilipuka nayo. Kwa mara nyingine watu zaidi ya 20 walikufa, na maelfu wakayakimbia makazi yao usiku, wengine wakipotezana na watoto wao. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tuliuona Mbagala. Gongo la Mboto ukuta ukatuangukia.

Hatukuwa peke yetu. Lagos ilipata msiba wa aina hiyo Januari 2002, Maputo Machi 2007, na Brazzaville Machi 2012. Miji hiyo yote ina jambo moja la kufanana: watu walikuwa wakiishi jirani na ghala ambalo hawakuwa na haki ya kuliuliza lolote. Tunaambiwa mambo ya jeshi ni siri. Ni kweli, idadi ya mizinga na mahali ilipo ni siri ya nchi. Lakini umri wa baruti iliyo nyuma ya ukuta wa shule ni usalama wa mwananchi, na wala si siri ya mtu.

Matunzo ya tatu ni ya amri, nayo ndiyo magumu kuliko yote. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Januari 1964 hatima ya Zanzibar iliamuliwa kwa sehemu kubwa katika milango ya maghala ya silaha ya polisi, Ziwani na Mtoni. Aliyezipata bunduki ndiye aliyeipata dola. Siku chache baadaye, tarehe 20 Januari, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, na serikali ya Mwalimu Nyerere ikayumba. Jeshi la Wananchi, lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964, lilizaliwa kutokana na somo hilo: bunduki lazima iwe chini ya amri halali, na amri halali lazima iwe chini ya raia.

Somo hilo tulilisahau tarehe 26 na 27 Januari 2001. Wafuasi wa CUF walipoandamana kudai uchaguzi urudiwe, vyombo vya dola vilifyatua risasi za moto, Unguja na hapa Pemba. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu watu wasiopungua 35 waliouawa na zaidi ya 600 waliojeruhiwa. Askari polisi naye aliuawa Micheweni, na msiba wake ni msiba wetu vilevile. Watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Kwa mara ya kwanza nchi iliyokuwa ikisifiwa kwa kupokea wakimbizi ikazalisha wakimbizi wake. Mwafaka ulitiwa saini tarehe 10 Oktoba mwaka ule, na Tume ya Brigedia Jenerali mstaafu Hashim Mbita ikaundwa kuchunguza. Silaha za siku ile hazikukwama. Zilikuwa zimesafishwa vizuri. Kilichokosa matunzo ni amri.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, nasema hivi: kazi ya utunzaji wa silaha si ya askari pekee. Anayeandaa bajeti ya mafunzo ni mtunzaji. Ofisa ardhi anayegawa viwanja karibu na ghala ni mtunzaji. Mbunge aliyemo katika kamati ya ulinzi ni mtunzaji, na kwetu Zanzibar jukumu lake ni zito zaidi, kwa kuwa ulinzi na polisi ni mambo ya Muungano ambayo wawakilishi wetu hawana mamlaka nayo. Kwa wanafunzi na wanaharakati nasema: msidai silaha ziondoke, kwa sababu hakuna dola itakayokubali. Daini hesabu yake. Nani alitoa amri? Kwa sheria ipi? Risasi ngapi zilitoka, na ngapi zilirudi?

Magharibi ilipokaribia, mzee wangu wa Ole alianza kukusanya karafuu zake. Kesho yake angezipeleka kituo cha Shirika la ZSTC. Huko zingepimwa kwenye mizani, zikaandikwa, naye akapewa stakabadhi. Mkulima akikutwa na gunia linalovushwa kimagendo, dola humtaka alieleze. Nilimtazama akiokota hata punje zilizodondoka nje ya jamvi, nikajiuliza: ikiwa nchi hii inaweza kuihesabu karafuu ya mkulima kwa uangalifu wa namna hiyo, ni udhuru gani itatoa kwa risasi isiyohesabiwa?