Hiba ya Msimbo: Umiliki na Uhakiki wa Hakimiliki katika OpenOffice.org, 2000–2012

Historia ya programu huria husimuliwa mara nyingi kama historia ya ukarimu: kampuni hutoa, umma hupokea. Usimulizi huo hulipita swali ambalo sheria ya hiba huanza nalo, yaani iwapo mtoaji anakimiliki anachokitoa.

Mwaka 1999 kampuni ya Marekani, Sun Microsystems, iliinunua StarDivision ya Ujerumani pamoja na programu yake ya ofisi, StarOffice. Msimbo chanzo ulipofunguliwa kwa umma tarehe 13 Oktoba 2000 kwa jina la OpenOffice.org, haukutoka mzima. Hifadhidata ya Adabas D na kikaguzi cha tahajia, vitu ambavyo Sun ilivitumia kwa leseni za wengine, vilibaki katika StarOffice iliyouzwa. Wajitolea ndio waliokuja kuyaziba mapengo. (Ni programu hii ambayo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitafsiri, ikatoka mwaka 2004 kama Jambo OpenOffice.)

Lenye uzito zaidi ni sharti walilowekewa wachangiaji: kila mmoja alisaini mkataba wa kuifanya Sun mmiliki mwenza wa hakimiliki ya kazi yake. Sharti hilo lilinung'unikiwa, na kwa haki. Hata hivyo, ndilo lililoiwezesha Oracle, iliyoinunua Sun mwaka 2010, kuukabidhi msimbo kwa Apache Software Foundation mnamo Juni 2011 chini ya leseni mpya, bila kumtafuta mchangiaji mmoja mmoja.

Msimbo ambao haukusainiwa haukuhamishika hivyo. Apache haikubali ndani ya matoleo yake msimbo wenye leseni inayomlazimu mwendelezaji kuitoa kazi kwa masharti yaleyale. Maktaba za namna hiyo ziliondolewa au kubadilishwa, na vichwa vya leseni vikaandikwa upya faili kwa faili. Toleo la 3.4 lilitoka Mei 2012, karibu mwaka mzima baada ya hiba.

Wakati huo LibreOffice, iliyojitenga Septemba 2010 na isiyodai kuhaulishiwa hakimiliki, ilikuwa ikisonga mbele. Kuueleza mdororo wa OpenOffice kwa uchache wa watengenezaji pekee hakutoshi, kwani leseni zenyewe ziliruhusu msimbo kwenda upande mmoja tu. LibreOffice iliweza kuchota kutoka Apache. Apache haikuweza kuchota kutoka LibreOffice bila ridhaa ya waandishi wake. Mwaka 2012 LibreOffice iliutumia msimbo huohuo uliotolewa na Oracle kuwa msingi wa kubadilisha leseni yake yenyewe.