Mdudu Huyu Si Mvamizi, Ni Mlowezi

Tafsiri ya "mdudu vamizi" kwa neno la Kiingereza invasive imeenea katika vipeperushi vya misitu, nami sikubaliani nayo hata kidogo. Kuvamia ni kuingia kwa ghafla na kwa nguvu: majambazi huvamia duka, fisi huvamia zizi, kisha wakatoka. Tena, kwa wenzetu wa Kitanga na kote Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, neno hilo tayari lina mwenyewe. Mvamizi ni mtu aliyeingia kulima au kuchunga ndani ya hifadhi, mathalani msitu wa Makere Kusini. Mkulima akiambiwa mikaratusi yake ina wavamizi, atatafuta nyayo za ng'ombe, hatatazama majani.

Neno ninalolitetea ni mlowezi. Kulowea ni kufika ugenini, kukaa, kuzoea, hata ukahesabika mkazi. Kama kuvamia kulivyotupa mvamizi na uvamizi, kulowea kumetupa mlowezi na ulowezi. Kanuni ya uundaji ni ileile, na vivumishi vinafuata bila shida: mdudu mlowezi, miti milowezi, magugu malowezi. Kilatini chenyewe, ambacho vamizi hudaiwa kukifuata, kinaniunga mkono: invadere ni in, "ndani", na vadere, "kwenda". Waliotafsiri walishika shambulio, wakaiacha safari. Kikao kimoja cha istilahi kilinijibu kwamba mlowezi linanuka siasa za mashamba ya Kenya. Jibu hilo liliniudhi na bado linaniudhi, kwa kuwa vamizi linanuka polisi na mahakama na hakuna mjumbe aliyelalamika. Wale walowezi wa Kizungu wa Nyanda za Juu za Kenya hawakuwa wapita njia. Walikaa, na hiyo ndiyo maana tunayoihitaji.

Mtazame Leptocybe invasa, kijinyigu cha Australia kisichofika milimita 2. Kilionekana Mashariki ya Kati mwaka 2000, Kenya na Uganda 2002, Tanzania 2005. Hutaga katika mshipa wa kati wa jani changa la mkaratusi na katika kikonyo, pakaota vivimbe, mche ukadumaa. Majike huzaa bila dume, hivyo mmoja aliyefika juu ya mche anatosha kuanzisha ukoo. Kumfikisha ni kazi ya miche inayosafirishwa. Kumkalisha ni kazi ya hali ya hewa: joto likizidi, kizazi hukomaa upesi; kiangazi kikirefuka na mvua za Oktoba zikachelewa, mti wenye kiu hukosa nguvu za kujikinga. Kidukari wa misaiprasi, aliyeingia Malawi 1986, Tanzania 1988 na Kenya 1990, naye hukithiri kiangazi.

Kwa hiyo tunaposema ukame na joto kali huharakisha ulowezi, tumesema kitu kamili: mgeni alikwisha kufika, na sasa hali ya hewa inampa makazi. Sema huharakisha uvamizi, na msomaji ataelewa kwamba ukame ndio uliomleta, akaacha kuikagua miche anayoinunua.

Ukaguzi huo uanzie kitaluni: mche wenye vivimbe uteketezwe, usipandwe.

Nawaomba wanaohariri vitabu vya misitu, na mabwana miti wa Kibondo na Kasulu wanaozungumza na wakulima kila msimu, waandike na watamke mdudu mlowezi kuanzia sasa, bila kusubiri kikao kingine.